Umri wa Diski za Kurekodia na Usalama wa Data: Hali ya Arua na Koboko

Diski ya kurekodia ni sahani ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Plastiki hiyo, polikaboneti, ndiyo inayoonekana na kushikwa, lakini data haikai humo. Hukaa katika tabaka jembamba la rangi, na nyuma ya rangi hiyo kuna utando wa fedha, au mara chache dhahabu, unaorudisha mwanga wa leza. Wakati wa kurekodi, leza huunguza vidoa vidogo kwenye rangi. Wakati wa kusoma, leza dhaifu zaidi hupita juu ya vidoa hivyo, na mashine hupima mwanga unaorudi. Waswahili wanaposema diski "imechomwa" wanasema kweli tupu: kitu kimeungua humo ndani, wala hakirudi kilivyokuwa.

Hapo ndipo diski iliyochomwa inapoachana na ile iliyonunuliwa ikiwa na muziki au filamu kutoka kiwandani. Ya kiwandani haina rangi. Vishimo vyake hupigwa chapa katika plastiki yenyewe, na plastiki huchakaa polepole. Rangi ya diski ya kuchoma ni kemikali hai, na kama kitambaa kilichoanikwa, hupauka.

CD ya muziki ilianza kuuzwa mwaka 1982. CD ya kurekodia, CD-R, ilitengenezwa na kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani mwaka 1988. DVD ilifuata mwaka 1996, kisha Blu-ray mwaka 2006. CD hubeba megabaiti 700, DVD ya tabaka moja gigabaiti 4.7, na Blu-ray ya tabaka moja gigabaiti 25. Huko West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda zilipo Arua na Koboko, diski za kuchoma zilishika kasi katika muongo wa kwanza wa karne hii. Kampuni ya umeme ya WENRECO ilikabidhiwa kazi ya kusambaza umeme katika eneo hilo mwaka 2003. Radio Pacis ya Arua ilianza kurusha matangazo mwaka 2004. Koboko ikawa wilaya mwaka 2005. Hiyo ndiyo miaka ambayo harusi, mahubiri, mazishi ya wazee, vipindi vya redio, ripoti za miradi na orodha za shule vilitiwa kwenye diski, vikaandikwa jina kwa kalamu, vikawekwa kabatini. Kumbukumbu ya kizazi kizima imekaa juu ya utando wa rangi usiozidi sehemu ndogo ya unene wa unywele.

Miaka mingapi?

Jibu hutegemea rangi na madini. Rangi zilizotumika sana kwenye CD-R ni tatu: sianini, azo na fthalosianini. Sianini ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya mwanga. Fthalosianini ndiyo imara zaidi. Kwa upande wa madini, dhahabu haishiki kutu, lakini fedha hushambuliwa na salfa iliyomo hewani.

Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada imekadiria umri wa kila aina kwa hali nzuri ya utunzaji. CD-R ya fthalosianini yenye utando wa dhahabu huweza kupita miaka 100. CD-R za sianini au azo zenye fedha hupewa miaka 20 hadi 50. DVD-R ya fedha, ambayo ndiyo iliyouzwa kwa wingi madukani na ndiyo iliyobeba harusi nyingi, hupewa miaka 10 hadi 20 tu. Diski za kufuta na kuandika upya hazitumii rangi bali mchanganyiko wa madini unaobadilika umbo kwa joto. Huandikwa takriban mara 1,000, lakini hazifai kutunza kitu cha kudumu, kwa kuwa kinachofutika kwa makusudi hufutika pia kwa bahati mbaya.

Makadirio hayo hayakupatikana kwa kungoja miaka 100. Maabara huweka diski kwenye tanuri la joto na unyevu mkali, hupima kasi ya kuharibika, kisha hukokotoa muda wa kuharibika katika joto la kawaida. Kiwango cha kimataifa cha upimaji wa aina hii, ISO/IEC 10995, kilitolewa mwaka 2008. Kwa hiyo maneno "miaka 100" kwenye boksi ni hesabu yenye masharti, na sharti la kwanza ni mahali diski inapokaa. Diski tupu nayo huzeeka: Taasisi ya Viwango ya Marekani, NIST, inaipa diski isiyochomwa umri wa miaka 5 hadi 10. Boksi lililokaa dukani miaka mingi likipigwa jua la dirishani huuzwa likiwa limekwisha kupoteza sehemu ya umri wake.

Joto, vumbi na mpira wa tyubu

Mwongozo wa NIST wa mwaka 2003 kuhusu utunzaji wa CD na DVD unataka joto la nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Arua iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na usiku wake huweza kuwa wa baridi kidogo. Lakini mchana wa kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto hupanda juu ya nyuzi 30. Chumba cha mabati kisicho na dari huwa na joto kuliko kivuli cha mwembe ulio nje yake. Kemia ina kanuni ya kukisia: joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya mabadiliko mengi ya kemikali hukaribia kuongezeka maradufu. Kwa kanuni hiyo, diski iliyopewa miaka 20 katika chumba cha baridi hukaribia kubaki na 10 chini ya bati.

Kiangazi kikiisha, mvua huleta unyevu. Maji huipenya plastiki polepole, hulegeza gundi iliyounganisha nusu mbili za DVD, na hulisha ukungu. Mwaka 2001 wanasayansi wa Hispania walieleza habari ya CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu ya Amerika ya Kati, ambayo ilikuwa imeliwa na ukungu kuanzia ukingoni hadi kwenye utando wa madini. Tukio la namna hiyo ni la nadra, ila linaonyesha kwamba unyevu si adui wa karatasi peke yake.

Vumbi jekundu la barabara za murram halivunji diski, lakini hukwaruza. Punje iliyobaki kati ya diski na mfuko wake wa plastiki husugua kila diski inapotolewa na kurudishwa. Vumbi hilohilo hutua juu ya lenzi ya mashine, na mwenye diski huambiwa diski yake imekufa ilhali mgonjwa ni mashine. Kabla ya kutupa diski, ijaribiwe kwenye mashine mbili au tatu.

Jambo jingine halionekani kirahisi. Diski zikiwa nyingi, watu huzifunga bunda kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira huo umetiwa salfa kiwandani ili uwe mgumu, na salfa ndiyo inayoifanya fedha iwe nyeusi. Bunda likifunguliwa baada ya miaka, ukingo wa diski za nje unaweza kuonekana una rangi ya shaba iliyofifia pale ukanda ulipokaza. Kilichokusudiwa kuzilinda ndicho kilichozila.

Diski inavyokufa

Diski haifi kama taa inayofifia. Kila CD na DVD hubeba, pamoja na data yenyewe, data ya ziada ya kusahihishia makosa. Katika CD ya muziki, mfumo huo unaweza kurejesha biti 4,000 zilizopotea mfululizo, sawa na mkwaruzo wa milimita 2.5 kando ya njia ya leza. Rangi inapoanza kupauka makosa huongezeka, lakini mashine huyasahihisha kimyakimya na picha huendelea kuonekana safi. CD huhesabiwa kuwa imevuka kiwango ikifikisha makosa zaidi ya 220 kwa sekunde, na mtazamaji hana habari. Siku makosa yanapozidi uwezo wa kusahihisha, diski hukataa ghafla.

Ni kama nguzo ya nyumba iliyoingiwa na mchwa: nje imesimama, ndani imekuwa unga, na mwenye nyumba hutambua inapoanguka. Kwa sababu hiyo "bado inacheza" si ushahidi wa afya. Zipo programu za kompyuta zinazohesabu makosa ya diski kwa baadhi ya mashine za kusomea, na hizo ndizo zinazoonyesha mchwa mapema. Pasipo programu hizo, dalili tatu husaidia: diski inachukua muda mrefu kutambuliwa, kunakili kunapungua kasi kuelekea ukingoni, au CD ikishikwa kuelekea jua inaonyesha vitundu vya mwanga ambapo utando wa madini umebanduka.

Watu wengi huamini upande wa kung'aa ndio wa kulindwa, hivyo huilaza CD mezani maandishi yakiwa chini. Kwa CD ni kinyume. Upande wa kung'aa una plastiki ya zaidi ya milimita moja mbele ya data, na mkwaruzo mdogo hapo huweza hata kusafishwa. Upande wa maandishi una vanishi nyembamba tu. Kalamu ya ncha kali au ukucha ukiipasua, data imebanduka pamoja nayo. DVD ina afadhali kwa kuwa tabaka lake la rangi limebanwa katikati ya sahani mbili za milimita 0.6. Maandishi yaandikwe kwa kalamu laini ya wino wa maji, na mahali salama zaidi ni duara la katikati lisilo na data. Lebo za karatasi za kubandika zisitumike: hushika unyevu, huvuta upande mmoja na kuiyumbisha diski inapozunguka. Diski isimame wima ndani ya kasha lake, na ikisafishwa ifutwe kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha, kwa maana mkwaruzo unaofuata njia ya leza hauponyeki kirahisi.

Umeme wakati wa kuchoma

Umri wa diski huanza kuamuliwa dakika inapochomwa. West Nile iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Bwawa la Nyagak I lenye uwezo wa megawati 3.5 lilianza kazi mwaka 2012, na gridi ya taifa ilifika Arua mwaka 2023. Kabla ya hapo kazi nyingi za studio na ofisi zilitegemea jenereta au umeme wa saa chache. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, CD-R hiyo huwa imekwisha. Leza haiwezi kurudi pale ilipoachia. Umeme unaopanda na kushuka nao una madhara: vidoa huchomwa vibaya, na diski inayosomeka leo huanza maisha yake ikiwa na makosa mengi.

Kinga yake si ghali. Kuchoma kwa kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa kunaondoa hatari ya kukatika. Kasi ya wastani, si ile ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye boksi, hutoa vidoa vilivyo wazi zaidi. Baada ya kuchoma, programu iambiwe ihakiki, yaani isome diski nzima na kuilinganisha na faili za asili. Anayeruka hatua hii ili kuokoa dakika kumi hajui alichokabidhi.

Mashine ya kusomea

Hata diski isiyozeeka haina faida pasipo mashine ya kuisoma. Kuna diski ziitwazo M-DISC ambazo badala ya rangi zina tabaka linalofanana na jiwe, na watengenezaji wake wamedai zitadumu miaka 1,000. Swali ni nani atakuwa na mashine yake. Taiyo Yuden, mama wa CD-R, iliacha kutengeneza diski mwaka 2015. Sony ilisimamisha utengenezaji wa Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Kompyuta nyingi mpya za mkononi hazina tena mlango wa diski. Ofisi au familia yenye diski nyingi inapaswa kuwa na mashine ya nje ya kuchomeka, na kuinunua wakati bado inapatikana, kwa maana huenda mashine zikatoweka madukani kabla diski hazijafa kabatini.

Mafunzo mawili ya karibu

Kinachookoa kumbukumbu kimeshaonekana hapa karibu. Kusini mwa mji wa Arua iko Hospitali ya Kuluva. Daktari Ted Williams, mmoja wa ndugu wawili walioianzisha, aliandika kumbukumbu za watoto wenye uvimbe uitwao limfoma ya Burkitt: alikotoka kila mtoto na lini ugonjwa ulianza. Mwaka 1961 aliandamana na Denis Burkitt na Cliff Nelson katika safari ya majuma kumi iliyopitia hospitali 57 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika. Kumbukumbu za West Nile za miaka 1961 hadi 1975 zilichambuliwa na kuchapishwa mwaka 1978, zikionyesha jinsi wagonjwa walivyojikusanya kwa mahali na kwa wakati. Katika eneo hilohilo, watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani walikusanya damu ya watoto wapatao 42,000 kati ya 1972 na 1974, na matokeo yake yakasaidia kuthibitisha uhusiano wa ugonjwa huo na virusi vya Epstein-Barr.

Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilianguka. Oktoba 1980 vita viliingia Koboko na Arua, majengo yakaharibiwa, na sehemu kubwa ya wakazi ikakimbilia Zaire na Sudan. Lakini matokeo ya Kuluva yalikuwa yamekwisha kuchapwa na kusambaa katika maktaba za mbali. Karatasi haikuwa na nguvu kuliko moto. Kilichoiokoa habari ni kwamba ilikuwa imeandikwa kwa mpangilio ambao mgeni angeuelewa, na nakala zake zilikuwa zimetoka wilayani kabla ya balaa.

Funzo la pili linatoka Kampala, nalo linamhusu mtu ambaye ukoo wake ni wa Koboko. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, lilipatikana kabati lenye makumi ya maelfu ya negativu za picha za utawala wa Amin. Kuanzia 2018 zilianza kuingizwa kwenye kompyuta, na mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Zilikuwa zimekaa karibu miaka 40 bila kuguswa, na ziliposhikwa mbele ya taa zilionekana. Negativu huvumilia kusahaulika. DVD-R iliyosahauliwa miaka 40 chini ya bati haitaonyesha kitu, kwa kuwa hakuna jicho linaloweza kuisoma bila mashine, na mashine haiwezi kusoma rangi iliyokufa.

Kanuni ya nakala

Mwaka 2006 mpango wa Kumbukumbu ya Dunia wa UNESCO ulitoa waraka uliotahadharisha kuhusu kutegemea CD na DVD za kurekodia kama hifadhi ya kudumu. Badala ya kutafuta chombo kisichokufa, wahifadhi wameafikiana juu ya kazi isiyokoma: kunakili, kuhakiki na kuhamisha. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliiweka kwa tarakimu rahisi: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine.

Kwa Arua na Koboko, "mahali pengine" panahitaji kufikiriwa. Kati ya miji hiyo miwili ni safari fupi ya barabara ya lami inayotoka Vurra hadi Oraba, kilomita 92 kwa jumla. Nakala moja Arua na nyingine Koboko zinatosha kwa moto wa nyumba au mwizi. Kwa balaa la eneo zima, kama la 1980, hazitoshi. Nakala ya tatu ikae Kampala au kwenye hifadhi ya wingu.

Vyombo viwe tofauti kwa sababu kila kimoja hufa kivyake. Diski ngumu ya kompyuta (hard disk) hufa kwa kuanguka au kuchakaa kwa mota, na wahifadhi hupanga kuibadilisha kila miaka 3 hadi 5; isafirishwe ndani ya sifongo, si mfukoni mwa abiria wa bodaboda. Flashi na memori kadi hutunza data kama chaji ya umeme inayovuja taratibu, na joto huharakisha uvujaji. Ni vyombo vya kubebea, si vya kutunzia. Wingu halivunjiki, lakini hutegemea bando, ada na nywila, na nywila inayojulikana na mtu mmoja hufa naye. Diski nzuri ya kuchomwa mara moja bado ina faida moja: haiandikiki upya, kwa hiyo virusi vya kompyuta haviwezi kuifuta.

Kila nakala iambatane na alama ya uhakiki, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu unaotolewa na programu kutokana na faili kwa kanuni kama SHA-256. Biti moja ikibadilika, alama hubadilika. Ukaguzi wa kila mwaka hulinganisha alama za leo na za mwanzo. Iandikwe pia orodha ya yaliyomo, kwenye karatasi: nani, wapi, lini, lugha gani. Diski iliyoandikwa "Harusi 2" pekee ni kitendawili kwa wajukuu.

Data za watu wengine zina sheria. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa binafsi azilinde, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2001 inahusu nyaraka za umma. Zahanati, shule na mashirika yanayohudumia makambi ya wakimbizi kama Rhino Camp na Lobule yana taarifa ambazo zikivuja huumiza. Diski kuukuu yenye majina ivunjwe vipande kabla ya kutupwa. Iliyotupwa jalalani ikiwa nzima bado inasomeka.

Diski zilizochomwa West Nile kati ya 2003 na 2012 sasa zimeshavuka miaka 10, na nyingi zimevuka 20 au zinaikaribia. Kwa DVD-R ya fedha huo ndio ukingo wa makadirio hata katika chumba cha baridi. Kazi ya kwanza, kabla ya kununua chombo chochote kipya, ni kuzitoa kabatini, kuzisoma na kuzinakili zote, kwa kuanzia na zile zisizo na nakala nyingine popote.